Gari Likisumbua, Anza na Vitu Rahisi: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu Kabla ya Kununua Spea

Malalamiko yanayojirudia ni haya. Gari limegoma kuwaka, mwenye gari akanunua betri mpya. Baada ya siku chache likagoma tena, ikabadilishwa starta. Likagoma tena, zamu hii ikaja altaneta, kifaa kinachochaji betri. Mwishowe anatokea mtu, anafungua terminali ya hasi, anaisugua, anaikaza, na gari linawaka. Spea tatu zimeshanunuliwa, na zile zilizotolewa zilikuwa nzima.

Kinachowaangusha wengi ni mpangilio wa kazi. Dalili inaonekana, jina la spea linakuja kichwani, na katikati hapo hakuna kilichopimwa. Mwongozo huu unakwenda kwa utaratibu mmoja: kwanza vinavyoonekana kwa macho, kisha vinavyokazwa kwa mkono, kisha vinavyopimwa, na mwisho kabisa vinavyofunguliwa. Usiruke hatua hata kama una uhakika umeshajua tatizo. Ukiwa na uhakika namna hiyo ndipo ni rahisi zaidi kupotea.

Unahusu magari ya petroli na dizeli. Kwenye gari la umeme au haibridi, nyaya nene zenye ganda la rangi ya chungwa zinabeba volti za kuua. Hizo usiziguse kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo

- Maltimita ya kawaida, yaani kipimo cha volti. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote hapa.
- Tochi yenye mwanga mkali.
- Spana za terminali za betri (namba 10 hutosha kwa magari mengi) na spana ya nati za tairi.
- Brashi ya waya au msasa, baking soda na maji ya moto.
- Kipimo cha upepo wa tairi.
- Fyuzi za akiba za ukubwa unaotumika kwenye gari lako.
- Nyaya za kubusti.
- Kifaa cha kusoma misimbo ya hitilafu, kile kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani.
- Glovu na miwani ya kukinga macho.
- Kitabu cha gari, na mahali pa kuandika.

Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono. Usiache injini inaunguruma ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake una gesi ya monoksidi ya kaboni isiyo na harufu wala rangi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Na usiweke mkono karibu na feni ya rejeta hata kama injini imezimwa: kwenye magari mengi feni hiyo inaweza kuanza kuzunguka yenyewe.

## Hatua ya 1: Andika dalili kabla ya kugusa chochote

Andika tatizo linatokea lini: injini ikiwa baridi au ya moto, asubuhi au baada ya safari, kwenye mwendo au injini ikiunguruma gari limesimama, mvua ikinyesha au siku zote. Andika unachosikia, unachonusa na taa ipi imewaka kwenye dashibodi.

Kisha jiulize swali ambalo wengi hawajiulizi: kitu gani kilifanyika mwisho kwenye gari hili? Redio mpya, alamu, kuoshwa injini, sevisi, kubadilishwa betri. Hitilafu iliyoanza siku moja baada ya filta ya hewa kubadilishwa mara nyingi iko palepale kwenye filta: bomba halikurudishwa vizuri, au plagi ya sensa imeachwa ikining'inia. Anzia hapo.

Umefanikiwa ukiwa na: sentensi mbili au tatu ambazo mtu asiyeliona gari angezielewa. "Gari baya" si dalili. "Linakata starta vizuri (starta inazungusha injini) lakini haliwaki, asubuhi tu, likiwa limelala" ni dalili.

## Hatua ya 2: Zunguka gari kwa macho

Hapa hufungui kitu chochote zaidi ya boneti.

Angalia mafuta. Usiiamini geji peke yake, kwa sababu boya lililomo ndani ya tanki hukwama, na geji ikaonyesha robo wakati pampu inavuta hewa. Kama kuna shaka yoyote, ongeza lita chache ndipo uendelee.

Kama gia ni otomatiki, gari halitakata starta lisipokuwa kwenye P au N. Likigoma kwenye P, kanyaga breki, peleka gia kwenye N, ujaribu tena. Likiwaka kwenye N, swichi ya gia ndiyo ya kuangaliwa. Kwenye gari la kuwasha kwa kitufe, tazama kama taa za breki nyuma zinawaka ukikanyaga. Zisipowaka, kompyuta haijui kwamba umekanyaga, na haitaruhusu starta.

Taa yenye picha ya ufunguo ikiwaka na kuzima wakati unajaribu kuwasha, gari halikutambui. Jaribu ufunguo wa akiba. Kama ufunguo ni wa rimoti, usogeze hadi ugusane na kitufe cha kuwashia, kwani betri yake ndogo huenda imekwisha.

Pima oili kwa kijiti, gari likiwa tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Angalia maji kwenye chupa ya akiba ya rejeta, injini ikiwa ya baridi. Chungulia chini ya gari kama kuna matone. Mulika tochi kwenye nyaya, mipira na mkanda, kwani panya hupenda kutafuna nyaya zenye joto la injini, na meno yao huacha alama zinazoonekana wazi.

Hatua hii inachukua dakika chache, na ni ajabu jinsi inavyomaliza kesi nyingi.

## Hatua ya 3: Betri, terminali na nyaya za ethi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu umeme dhaifu huzaa dalili za kila aina. Sensa hutoa taarifa za uongo, gia otomatiki hukataa kubadilika, usukani wa umeme huwa mzito, taa tano za dashibodi huwaka kwa pamoja. Mtu anayekimbilia sensa huku betri ina volti 11 anatafuta kitu kisichokuwepo.

Anza na jaribio lisilohitaji kifaa. Washa taa kubwa, kisha piga starta ukiziangalia. Zikififia sana au kuzimika, betri imeishiwa au terminali hazishiki. Zikibaki angavu na starta iko kimya kabisa, umeme haufiki kwenye starta, kwa hiyo fikiria fyuzi, rilei (swichi ndogo inayowashwa na umeme), swichi ya gia au ufunguo. Ukisikia "tik-tik-tik" ya harakaharaka, mara nyingi ni betri au terminali. "Tak" moja nzito halafu kimya inaelekeza kwenye starta yenyewe, ila usiifungue kabla ya kupima nyaya zake kama nitakavyoeleza hapo chini.

Pima betri ikiwa imepumzika. Gari liwe limezimwa kwa saa kadhaa. Kama lilikuwa likitembea muda si mrefu, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni karibu robo, na hapo usishangae gari likigoma.

Pima wakati starta inakatwa. Mtu akate starta wakati wewe unatazama maltimita. Volti zisishuke chini ya 9.6 hivi. Betri ya 12.6 inayodondoka hadi 7 imechoka ndani, hata kama ikiwa imepumzika inasomeka vizuri.

Pima injini ikiwa inaunguruma. Utarajie kati ya 13.8 na 14.7. Ikibaki 12 na inaendelea kushuka, altaneta haichaji, na bado kabla ya kuilaumu uangalie mkanda wake, plagi yake na fyuzi yake kubwa. Kwenye magari ya kisasa kompyuta hupandisha na kushusha chaji kwa makusudi, kwa hiyo usihukumu kwa kusoma mara moja. Washa taa na feni ya ndani, upime tena.

Sasa terminali. Jaribu kuizungusha kwa mkono. Ikizunguka, umeshapata kosa. Unga mweupe au wa kijani ni kutu inayozuia umeme. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Ukirudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Sababu ni kwamba bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Spana ikiwa kwenye chanya na ikagusa chuma huku hasi bado imefungwa, itatoa cheche kubwa, na betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Mwagia mchanganyiko wa baking soda na maji ya moto, sugua hadi terminali ing'ae, suuza, kausha, kaza. Redio nyingine hudai namba ya siri baada ya betri kufunguliwa, kwa hiyo itafute kabla.

Kipimo kinachookoa starta nyingi. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili unaweza kuonyesha volti 12 kamili kama hakuna mzigo. Mzigo ukija, umeme hauvuki. Ndiyo maana "umeme unafika, nimepima" si ushahidi. Pima wakati starta inafanya kazi, hivi:

Weka ncha moja ya maltimita kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri (si kwenye terminali iliyokivaa), ncha nyingine kwenye chuma kisicho na rangi cha injini. Mtu akate starta. Ukiona zaidi ya volti 0.3, waya wa ethi kati ya betri, bodi na injini una kutu, umelegea au umekatika ndani. Fanya hivyo upande wa chanya: ncha moja kwenye kichwa cha chanya, nyingine kwenye nati kubwa ya starta inayopokea waya mnene. Zaidi ya 0.5, tatizo ni waya au maungio yake. Ili kujua ni ungio lipi, sogeza ncha hatua kwa hatua hadi uone mahali volti zinaporuka.

Onyo: gari likiwaka kwa kubusti, umejua tu kwamba betri haikuwa na chaji. Hujajua kwa nini. Kama betri ni nzima na chaji ni nzuri lakini inakufa usiku, kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limelala. Taa ya buti au ya kisanduku cha dashibodi isiyozimika ndiyo ya kwanza kushukiwa. Gari lililolala vizuri halipaswi kutumia zaidi ya miliampia 50 hivi, na magari mengine huchukua nusu saa au zaidi kabla ya kulala kabisa.

Umefanikiwa ukiona: terminali hazizunguki, namba tatu za betri ziko sawa, na upotevu kwenye nyaya uko chini ya viwango hivyo.

## Hatua ya 4: Fyuzi na rilei

Mchoro wa fyuzi uko kwenye kifuniko cha boksi au kwenye kitabu cha gari. Kumbuka mara nyingi kuna maboksi mawili, moja ndani na moja chini ya boneti.

Kutazama fyuzi kwa macho hakutoshi, kwani ufa mwembamba hauonekani. Washa swichi, gusa vidoti viwili vya chuma vilivyo juu ya fyuzi kwa ncha ya maltimita, kila kimoja kwa zamu. Vyote vikiwa na volti, fyuzi ni nzima. Kimoja kikiwa nazo na kingine hakina, imeungua.

Rudishia fyuzi ya ampia zilezile: nyekundu ni 10, ya bluu 15, ya njano 20, ya kijani 30. Ikiungua tena papo hapo, kuna waya unaogusa bodi mahali fulani. Usiongeze ampia wala usizungushie karatasi ya sigara au waya. Fyuzi huungua ili waya usiungue, na waya ukiungua, moto unafuata.

Rilei ni rahisi zaidi. Tafuta nyingine yenye namba ileile kwenye boksi hilohilo, kwa mfano ya honi, uzibadilishane. Kilichokuwa hakifanyi kazi kikianza kufanya kazi na honi ikanyamaza, jibu liko mkononi mwako.

## Hatua ya 5: Soma misimbo, lakini isome kama fundi

Hatua hii imekuja baada ya betri kwa makusudi, maana umeme dhaifu huandika misimbo ya uongo. Andika misimbo yote pamoja na taarifa za hali ya injini zilizohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea. Usifute chochote bado, kwa sababu ukifuta unapoteza ushahidi.

Msimbo hautaji spea ya kununua. Unasema kompyuta imeona nini. P0171 unasema hewa ni nyingi kuliko mafuta, na watu wengi hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, wakati sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa ya kweli. Tafuta kwanza mpira wa hewa uliopasuka baada ya filta, kibano kilicholegea, sensa ya hewa iliyochafuka. P0457, na mara nyingine P0455, huletwa na kifuniko cha tanki la mafuta kisichofungwa vizuri. Kikaze hadi kilie, angalia kama mpira wake haujapasuka, kisha uwe na subira: taa huzimika yenyewe baada ya safari kadhaa.

P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi, yaani haichomi mafuta inavyopaswa. Hamisha koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) ya silinda ya kwanza kwenda ya pili, futa msimbo, endesha. Ukirudi kama P0302, koili ni mbovu. Ukibaki P0301, koili haina kosa. Rudia kwa plagi za cheche. Jaribio hili halikugharimu chochote, na limekupa jibu ambalo kununua koili nne kusingekupa.

Onyo: taa ya injini ikiwaka na kuzima mfululizo, injini inamisi kiasi cha kuharibu katalisti, kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Punguza mwendo na usiendelee na safari ndefu.

## Hatua ya 6: Linakata starta lakini haliwaki

Injini ya petroli inahitaji mafuta, cheche na hewa. Washa swichi bila kukata starta, usikilize nyuma: kwenye magari mengi pampu huunguruma sekunde mbili hivi. Ikiwa kimya, rudi kwenye fyuzi na rilei yake, na kwenye swichi ya usalama inayokata mafuta baada ya mgongano, kama gari lako linayo. Pampu ndani ya tanki iwe ya mwisho kufikiriwa.

Toa filta ya hewa, uitazame dhidi ya mwanga. Iliyoziba kwa vumbi huondoa nguvu na kuongeza ulaji wa mafuta. Kwa dizeli, fikiria filta ya mafuta yenye maji, hewa iliyoingia kwenye mabomba, na plagi za kupasha joto kama gari linagoma asubuhi tu.

Usijaribu cheche kwa kushika waya wa plagi mkononi. Volti zake ni maelfu.

## Hatua ya 7: Joto likipanda

Simama, zima, subiri. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa na presha yanaweza kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 100 bila kuchemka; ukifungua, yanageuka mvuke hapohapo na kukurukia usoni. Subiri hadi mpira wa juu wa rejeta ushikike bila kuunguza.

Fuata mpangilio huu: kiwango cha maji, mahali yanapovuja, mpira wa kifuniko, uso wa rejeta kama umezibwa na matope au wadudu, mkanda, kisha feni. Joto likipanda kwenye foleni na kushuka gari likikimbia, ishuku feni. Likipanda kwenye mwendo kasi, shuku maji machache au rejeta iliyoziba. Hita ikitoa hewa baridi huku geji iko juu, maji ni pungufu au hayazunguki.

Ndipo themostati (vali inayofungua njia ya maji injini ikipata joto), ndipo pampu ya maji. Mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, au oili iliyogeuka kama maziwa, ni kazi ya fundi. Usiliwashe tena.

## Hatua ya 8: Kelele, mtikisiko na kuvuta upande

Pima upepo wa tairi zikiwa baridi. Kiwango sahihi kiko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ya juu kabisa inayovumilika, si ya kujaza. Kaza nati kwa kuvuka, hii na ya upande wa pili. Ondoa matope yaliyoganda ndani ya rimu, kwani hutikisa usukani kama balansi mbaya.

Gari likivuta kushoto na upepo uko sawa, badilishana tairi za mbele, mradi si zile zilizotengenezwa kuzunguka upande mmoja tu. Likivuta kulia sasa, tairi ndiyo yenye kosa, alaimenti haihusiki. Mlio wa bati chini ya gari mara nyingi ni ngao ya joto ya ekzosi iliyolegea.

Breki zina sheria yake. Pedali ikiwa laini, ikishuka taratibu, au maji ya breki yakipungua, gari lisisogee hadi sababu ijulikane. Usijaze tu na kuondoka. Vivyo hivyo kwa taa nyekundu ya oili, harufu kali ya petroli, na usukani uliolegea.

## Hatua ya 9: Thibitisha, au kabidhi kwa fundi

Ukirekebisha, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha rudia hali ileile uliyoiandika kwenye hatua ya kwanza. Kama tatizo lilikuwa la asubuhi, jioni huwezi kusema limekwisha. Subiri asubuhi.

Usipopata jibu, mpelekee fundi karatasi yako. Iwe na maneno kama haya: "Linagoma asubuhi tu. Betri 12.6, wakati wa starta 10.4, ikiunguruma 14.2. Ethi 0.1. Fyuzi na rilei ya pampu ni nzima. Pampu haisikiki. Hakuna msimbo." Fundi mzuri ataanzia pale ulipoishia. Akikuambia spea fulani imekufa, muulize kwa heshima ameipima vipi na alipata namba gani, kisha umwombe akupe ile ya zamani baada ya kuibadilisha.